Waya wa Breki na Haki ya Sauti

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na walimwengu wakaipokea kauli hiyo kama fimbo ya kuwachapia wenye maneno mengi na elimu haba. Hapana ubaya. Walakini methali, kama ilivyo kanga, ina pindo zaidi ya moja, na yuko mtu ambaye akiisikia hii haoni kejeli ndani yake. Naye ni yule anayetwaa kopo, ubao na waya akaunda gitaa lake mwenyewe. Kwake yeye utupu wa debe ndio siri ya kazi nzima: lililojaa limenyamaza, lililo tupu limepata pa kuitikia. Debe lililojaa mpunga ni mali. Debe tupu lililovutiwa waya ni sauti. Na swali la maadili huanzia papo hapo. Ni nani mwenye haki ya kulitoboa debe lililo zima ili lipate kusema? Je, ni halali kukivunja chenye manufaa kwa ajili ya kuunda chenye sauti?

Swali hili huonekana dogo likiulizwa katika nyumba yenye kila kitu. Katika bonde la Kilombero si dogo. Ifakara imekaa katika uwanda mpana uliobanwa na milima ya Udzungwa upande mmoja na vilima vya Mahenge upande wa pili, na katikati yake hupita mto Kilombero ambao, baada ya kukutana na Luwegu, huwa ndio Rufiji. Maji yanayowafikia wavuvi wa delta, mkabala na kisiwa cha Mafia, sehemu yake kubwa yamepita kwanza katika mashamba na madimbwi ya bonde hili. Mwaka 2002 uwanda huo wa mafuriko uliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Lakini kwa wenyeji wake, Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na wageni waliohamia, jina la bonde ni mpunga. Mchele wa Ifakara unajulikana hadi katika masoko ya Dar es Salaam, na anayeununua huko hana habari ya usiku na mchana uliotumika kuulinda.

Maana mpunga hulindwa. Msimu wa mvua ukishika, familia nyingi huuacha mji na kuhamia mashambani, wakalala katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili maji na wanyama visiwafikie. Mpunga unapoanza kujaza punje zake kwa maji meupe kama maziwa, ndege hushuka, na kwelea kwelea wakishuka hawaji wawili wala watatu. Hapo ndipo kazi ya kuamia ndege huwaangukia watoto na vijana. Kazi yenyewe haina ugumu wa jembe. Ugumu wake ni kuchosha kwa kutotendeka jambo. Mtu huketi juu ya dungu tangu alfajiri hadi magharibi, ameshika kamba iliyopitishwa juu ya shamba na kufungiwa makopo, na kila ndege wanapotua yeye huivuta kamba na makopo yakagongana. Kisha hungoja tena.

Inafaa itazamwe kwa makini zana hiyo ya kutishia ndege. Ina kamba iliyokazwa, ina kopo tupu, ina mkono wa mtu. Gitaa la kopo nalo lina hivyo hivyo vitatu, wala hakuna cha nne isipokuwa nia. Kamba ile ile ikivutwa kwa kelele huwafukuza viumbe. Ikipimwa urefu na kukazwa kwa kadiri huwaita. Hakuna haja ya kudai kwamba kila gitaa la bonde lilizaliwa juu ya dungu. Yatosha kusema kwamba mtu anayekaa miezi mizima na waya mkononi na kopo mbele yake amekwisha kusoma darasa la kwanza la ufundi huo bila ya mwalimu.

Kazi ya kuunda si ngumu kueleza. Hutafutwa kopo la mafuta, ya kula au ya mitambo, lenye ukubwa wa lita nne au tano. Hutobolewa matundu mawili ili ubao uliochongwa kwa panga upenye na kutokeza shingo upande wa juu. Ubao waweza kuwa mninga, au kipande kilichobaki cha msaji, ambao huko huitwa mtiki na ambao tangu miaka ya 1990 umepandwa kwa wingi Kilombero na Ulanga. Kwenye ncha ya shingo hupachikwa vigingi vya kukazia, na juu ya uso wa kopo huwekwa kijiti cha kuinua nyuzi. Kijiti hicho ni kidogo, tena aghalabu hudharauliwa, lakini ndicho kinachoubeba mtetemo wa uzi na kuukabidhi kwa bati. Waya peke yake ni mwembamba mno kuisukuma hewa. Ukipigwa hewani husikika na mwenye kuupiga tu. Bati pana ndilo linaloitikisa hewa ya kutosha hadi jirani akasikia. Zana yote, basi, ni mkataba baina ya kilicho kaza na kilicho tupu.

Zimebaki nyuzi. Mshipi wa nailoni wa kuvulia hufaa, na bonde lina wavuvi. Lakini mshipi una sauti laini, na kijana anayetaka gitaa lake lisikike mbele ya ngoma hutafuta chuma. Chuma chenyewe kimo ndani ya waya wa breki. Baiskeli za zamani za Phoenix zilifunga breki kwa vyuma vilivyonyooka, kwa hivyo hazikuwa na cha kuibiwa. Lakini baiskeli za aina mpya hufunga breki kwa waya uliosokotwa kwa nyuzi nyembamba za chuma, na pikipiki zina waya wa klachi wa namna hiyo hiyo. Ukifumuliwa, waya mmoja hutoa nyuzi za gitaa zima na kubakiza. Na katika nchi ambayo baiskeli ndiyo inayobeba gunia kulipeleka mashineni, mgonjwa kumpeleka hospitali na ndizi kuzipeleka sokoni, waya huo si takataka.

Na achukuliwe kijana mmoja asiye na jina, anayeweza kuwa wa kijiji chochote kando ya barabara ya Ifakara. Kopo analo, ubao anao, nyimbo anazo kichwani tangu zamani. Baiskeli ya baba yake imeegemea ukuta, na breki yake ya nyuma ni nzima. Usiku mmoja waya unatoka kwenye baiskeli na kuhamia kwenye gitaa. Asubuhi baba anaona. Atakayoyasema baba yanajulikana, na kijana naye ana la kujibu: ardhi ya bonde ni tambarare kama sinia, hakuna kilima cha kushukia, breki ya mbele ipo, basi ya nyuma ni ya nini? Jawabu hilo lina akili kuliko linavyoonekana, maana limegusa shina la jambo. Kijana anadai kwamba manufaa ya breki ni ya kubuni, ilhali sauti ya gitaa ni ya hakika.

Kuna majawabu mawili mepesi kwa ugomvi huo. La kwanza ni la wale wanaopima kila kitu kwa kilo. Wao husema: breki huokoa maisha, gitaa halimlishi mtu, basi mwenye kuibadili breki kuwa gitaa ni mpotevu. Jawabu hili likifuatwa hadi mwisho wake halitaishia kwenye breki. Litauliza pia kanga ya pili ni ya nini ikiwa ya kwanza inasitiri, na mlango wa nakshi ni wa nini ikiwa ubao mtupu unafunga. Binadamu hajapata kuishi namna hiyo, hata katika dhiki. Watu wa bonde ambao msimu wao wa njaa huangukia kabla ya mavuno ni wao hao wacheza ngoma. Lau raha ingekuwa ni zao la shibe tu, wenye njaa wangekuwa mabubu.

Jawabu jepesi la pili ni la washairi, na kwa hiyo ni la hatari zaidi katika kurasa zinazosomwa na washairi. Wao husema: sanaa hujihalalisha yenyewe, waya uliokuwa ukibana gurudumu sasa unafungua nyoyo, baba asamehe, kwani kilichopotea ni kidogo na kilichopatikana ni kikubwa. Maneno haya ni matamu mno. Kasoro yake ni kwamba anayeyatamka si yeye atakayepanda baiskeli ile. Breki haikuwekwa kwa ajili ya mlima peke yake. Imewekwa kwa ajili ya mtoto anayekatiza barabara ghafla, na mtoto huyo hukatiza barabara ya tambarare kama ya mlimani. Anayesema kwamba wimbo umelipa deni la waya amelipa kwa fedha ya mtu mwingine.

Zana za muziki za dunia nzima zina aibu hii katika nasaba yao. Wayunani wa kale walisimulia kwamba Herme, mungu mtoto, alikutana na kobe mlangoni, akamuua, akalivuta gamba lake ngozi na nyuzi, na hiyo ndiyo asili ya kinubi chao. Kobe aliye hai ni bubu, aliyekufa anaimba. Kisa hicho hakimwoni Herme kuwa na hatia, bali humsifu kwa werevu. Gambusi ya Pwani, iliyokuja na njia za biashara za Uarabuni kusini, huchongwa kwa kipande kimoja cha mti na kuwambwa ngozi tumboni. Ndani yake umo mti uliokatwa na mnyama aliyechinjwa. Zeze lina kibuyu ambacho kingeweza kuchotea maji. Hakuna uzi uliopata kulia bila ya kitu kingine kunyamaza kwanza. Kwa hiyo kijana wa Ifakara hakuvumbua dhambi mpya. Tofauti ni kwamba kobe hana mdomo wa kudai, na baba anao.

Hapa inafaa kukumbuka mjadala wa zamani ambao wasomaji wa Pwani wanaujua. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya kusikiliza nyimbo katika kitabu chake cha kuhuisha elimu za dini, alilikabili suala la zana za nyuzi. Aliona kwamba utamu wa sauti peke yake hauwezi kuwa sababu ya kukataza, kwani sauti ya ndege nayo ni tamu na hakuna aliyeiharamisha. Katazo la zana hizo alilihusisha na vikao vya ulevi ambavyo zilikuwa alama yake. Mtu aweza kukubali au kukataa hukumu yake, lakini njia ya fikra ina faida: usiuhukumu uzi kwa mlio wake, utazame ulikopita na unaoandamana nao. Kwa njia hiyo, waya wa breki hauhukumiwi kwa kuwa unalia. Unahukumiwa kwa safari yake kutoka ukutani hadi kwenye kopo.

Bonde lenyewe limekwisha kufundishwa somo la namna hii kwa kitu kingine. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, mradi uliojulikana kwa jina la KINET ulisambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mahali ambapo malaria ilikuwa ikiua watoto kwa wingi. Chandarua ni kitu chepesi, chenye matundu madogo, na akili ya mkulima haiwezi kukiona bila ya kufikiri matumizi mengine: kuvulia dagaa, kufunika miche, kuzungushia vifaranga. Kila mahali Afrika vyandarua vilipofika, malalamiko ya namna hiyo yamefuata. Lakini lawama zote haziko sawa. Chandarua kipya kilichoondolewa juu ya kitanda cha mtoto kikapelekwa mtoni ni khiyana. Chandarua kilichochanika hata mbu anaingia apendavyo, kikazungushiwa banda la kuku, ni busara tu. Nyuzi ni zile zile na matundu ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba cha kwanza kingali kimebeba roho ya mtu na cha pili kimekwisha kuitua.

Neno linalofaa hapa ni amana. Chandarua juu ya kitanda ni amana, kwa sababu mtoto analala akikitegemea hata kama hajui kwamba anakitegemea. Breki iliyo kwenye gurudumu ni amana kwa namna hiyo hiyo, si kwa mwenye baiskeli tu bali kwa kila atakayekutana naye njiani. Chenye manufaa na chenye amana si kitu kimoja. Vitu vingi vina manufaa na mtu aweza kuvibadili matumizi kesho bila ya kumdhulumu yeyote. Kilichobeba amana hakibadilishwi na mkono mmoja. Kosa la kijana, kwa hiyo, halikuwa kupenda sauti kuliko chuma. Kosa lake ni kuiondoa amana usiku, bila ya kauli, na kuuacha mwili wa baba yake uendelee kuamini kitu ambacho hakipo tena.

Itasemwa: basi na asubiri waya uchakae, ndipo autwae. Laiti dunia ingekuwa imegawika hivyo, upande huu vitu vinavyotumika na upande ule vitu vilivyostaafu. Nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli pana lundo la nyaya zilizokatika, na mgeni aweza kudhani lundo hilo halina mwenyewe. Linaye. Waya uliokatika hufunga mlango wa banda, hushikilia sufuria iliyopasuka sikio, hutengeneza mtego, huzuia mkebe usianguke kwenye mkokoteni. Katika nyumba ya maskini hakuna kitu kilichostaafu kabisa; kila kitu kingali kinaitwa kazini. Ndiyo maana gitaa la kopo, ingawa dunia hulitazama kwa tabasamu kama mchezo wa watoto uliookotwa jalalani, karibu siku zote limegharimu kitu. Wanaolisifu kwa kuwa ni la bure hawajui bei ya waya.

Kutokana na hayo hutokea hukumu ambayo si nyepesi wala si kali. Kwa kuwa hakuna kilicho huru kabisa, njia pekee iliyo safi ni kuomba. Fundi wa kopo huanza kazi yake kabla ya panga na msumari: huanza kwa kwenda kwa mwenye waya na kusema anautakia nini. Jambo hilo lataka ujasiri kuliko kuiba, maana mwizi haambiwi hapana. Mwenye kuomba hulazimika kuusema wimbo wake kabla haujasikika, na kuuweka mbele ya mtu ambaye huenda akaucheka. Na mwenye kuombwa naye hulazimika kuamua hadharani kama waya wake ni kitu zaidi ya waya. Hapo ugomvi wa manufaa na uzuri hutoka katika vitabu na kukaa baina ya watu wawili wanaotazamana.

Kuna upande mwingine wa debe ambao mjadala huu hauwezi kuuruka. Debe la lita 20 ndicho kipimo cha nafaka kijijini, na kila mkulima wa Kilombero anajua jinsi kipimo kinavyoweza kufanywa mwongo. Wako walanguzi wanaolitutumua debe kwa kuligonga matako ili lipokee zaidi. Wako wanaojaza gunia hadi kichwa chake kivimbe na kushonwa kwa kamba juu ya mdomo, ile lumbesa ambayo serikali imeipiga marufuku mara nyingi kwa kutaka mazao yauzwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100. Mkulima aliyepoteza jasho lake ndani ya lumbesa ana sababu ya kuliogopa debe.

Debe hilo hilo likigeuzwa gitaa huingia chini ya sheria isiyohongwa. Uzi ukigawanywa katikati hutoa sauti ile ile iliyopanda juu, iitwayo oktava, awe anayeupiga ni tajiri au fukara. Ukibanwa ili theluthi mbili zake zilie, hutoa sauti ya tano. Na anayetaka kuipandisha sauti hadi oktava kwa kuukaza uzi bila ya kuufupisha, sharti auvute mara nne ya mvuto wa mwanzo, na kabla hajafika huko aghalabu waya umekwisha kukatika na kumchana kidole. Al-Kindi wa Baghdad katika karne ya 9 alizilinganisha nyuzi nne za udi na majira manne na tabia nne za mwili. Ndugu wa Basra waliojiita Ikhwan al-Safa, katika karne ya 10, waliandika risala juu ya muziki wakiziona nisba za namba ndani ya nyuzi kuwa ni nisba za ulimwengu; na jina lao ndilo lililochukuliwa na nadi ya taarabu iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905. Mtu si lazima akubaliane na unajimu wao ili aone walichokiona: kwamba katika uzi ukweli unapimika, na sikio linaugundua uongo kabla ya ulimi kuutetea.

Sasa, je, kijana aliyezoea ukweli wa namna hiyo aweza kuuanza kwa waya wa wizi? Bila shaka aweza. Vidole havina dhamiri, na waya ulioibwa hutoa oktava ile ile. Hapa ndipo uzuri na haki vinapoachana njia, na ni uungwana kukiri. Sauti nzuri haitoi ushahidi juu ya mkono mwema. Anayedhani kwamba wimbo mtamu unathibitisha usafi wa mwimbaji hajakaa na waimbaji. Kwa sababu hiyo hiyo deni la waya haliwezi kufutwa na ubora wa wimbo: ni mizani mbili tofauti, na hakuna mfanyabiashara mwaminifu anayepima mchele kwa lita za mafuta.

Lakini kuna jambo ambalo baba naye anapaswa kuliona. Katika mazungumzo ya siku ya kufa kwake Sokrate, mwaka 399 kabla ya kuzaliwa Masihi, kama alivyoyaandika Plato, rafiki yake Simmia alitoa hoja ya kutisha: huenda roho ya mtu ni kama mpatano wa nyuzi katika kinubi, ni kitu kizuri kisichoonekana, lakini kinubi kikivunjwa mpatano unatoweka, hata kabla mbao hazijaoza. Sokrate alimjibu kwamba mpatano hufuata nyuzi, ilhali roho huuongoza mwili na hata kuupinga. Gitaa la kopo huongeza neno katika mjadala huo wa kale. Katika kinubi kilichonunuliwa, zana hutangulia na mpatano ukafuata. Katika gitaa la kopo mambo ni kinyume: mpatano umo kichwani mwa kijana miezi mingi kabla ya kopo kutobolewa. Yeye alikwisha kulisikia gitaa ambalo halipo, akaenda kulitafutia bati, ubao na waya kama mtu anayemtafutia mgeni kitanda. Anachokiomba kwa baba si mchezo. Ni mahali pa kumweka mgeni aliyekwisha kufika.

Historia ya muziki wa Tanzania imejaa wageni wa namna hiyo waliopata kitanda kibovu wakakifanya kasri. Katika karne ya 19 Seyyid Barghash alimtuma mtu Misri kujifunza kanuni ili kasri ya Unguja ipate muziki wa Kairo. Na muziki huo ulipata heshima yake kwa sababu ulikuja kwa merikebu. Zeze la Wagogo halikuja kwa merikebu. Lilichongwa nyumbani, kwa mti na ngozi, na Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, alilichukua zeze hilo la nyumbani hadi katika majukwaa ya Ulaya bila ya kulionea haya. Wako wanaosema alilikuza. Huenda ni sawa zaidi kusema kwamba alikataa kulidogosha. Umaskini wa zana uko katika jicho la anayeitazama. Aliyefumba macho na kusikiliza hana njia ya kujua bei yake.

Kwa hiyo hukumu ina pande mbili, na upande mmoja ukiachwa wa pili huwa dhuluma. Kijana aliyetoa waya kwenye gurudumu anadaiwa waya. Si wimbo, si radhi ya maneno matamu, si ahadi kwamba siku moja atakuwa mashuhuri na kuijengea familia nyumba ya bati. Anadaiwa waya wa breki, wa urefu ule ule, ufungwe kabla baiskeli haijatoka tena uani. Akikosa fedha, afumue gitaa. Akiwa na subira, akalimie mtu au akabebe magunia mashineni hadi aupate mwingine. Gitaa lililofumuliwa kwa ajili ya haki laweza kuundwa tena, kwa kuwa mpatano wake haukuwa ndani ya waya. Hilo ndilo lililo tofauti na shingo ya mtu iliyovunjika barabarani.

Na baba ambaye waya wa zamani upo juani, umekatika, hauna kazi ila kungoja kazi, kisha akaombwa akaukatalia kwa neno moja tu kwamba gitaa halilishi mtu, naye amezuia haki. Yeye mwenyewe amekula mchele uliolindwa na mikono ile, siku baada ya siku, juu ya dungu, kwa kamba na makopo. Miezi yote hiyo aliikubali kelele ya bati kwa sababu ilikuwa na faida kwake. Mtoto akiomba bati lile lile liseme mara moja kwa ajili yake, kumpa si hisani. Ni kulipa sehemu ya mshahara ambao haukupata kuandikwa popote.